Kuendesha Windows 98 kwenye Kompyuta ya Zama Zake

Windows 98 ilianza kuuzwa Juni 1998, toleo lake la pili likafuata mwaka 1999, na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 11 Julai 2006. Hata hivyo bado ipo kazini. Iko kwenye karakana ambako mashine ya kukata chuma hupokea amri kupitia kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Iko kwenye maabara ambako kifaa cha kupimia kilinunuliwa pamoja na programu yake na kiwanda hakikutoa nyingine. Iko kwenye ofisi ambako hesabu za miaka mingi zimehifadhiwa katika programu isiyofunguka kwingine, na iko nyumbani kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta ya miaka ya 1990. Mahitaji ya hao wote hayafanani, ila utaratibu unaowafaa ni mmoja: kuokoa kilichomo kwenye diski kwanza, kisha kutengeneza mashine, kisha kushughulikia mfumo endeshi, na kuiweka kompyuta yote mbali na intaneti.

Mashine inayoafikiana na mfumo huu kuliko zote ni iliyoundwa kati ya 1998 na 2001, yenye prosesa ya Pentium II, Pentium III au mwenzake wa AMD. Kwa mujibu wa Microsoft, toleo la pili linatosheka na prosesa ya 486DX ya megahezi 66 na RAM ya megabaiti 24. Linatosheka kweli kwa maana ya kuwaka, lakini kazi haiendi. Kiwango cha kuanzia kufanya kazi bila kero ni megabaiti 128. Kati ya bodi za wakati huo, zenye chipseti ya Intel 440BX ya mwaka 1998 zinastahili sifa zinazopewa. Ni imara, na nyingi kati yake zinapokea kadi za ISA za vifaa vya zamani, kadi za PCI za mtandao na sauti, na kadi ya picha ya AGP, zote kwa pamoja. Zina kasoro moja inayowatia hasara wanunuzi wa RAM: chipseti hiyo haiwezi kusoma chipu zenye msongamano mkubwa, kwa hiyo kipande cha megabaiti 256 chenye chipu nane husomeka kama cha megabaiti 128. Cha kununua ni chenye chipu 16, nane kila upande.

RAM kubwa kupita kiasi nayo ni tatizo. Ikizidi megabaiti 512, Windows 98 hutenga eneo kubwa mno kwa ajili ya akiba ya faili, na programu zinaanza kulalamika kwamba kumbukumbu imekwisha wakati iliyo tupu ni nyingi. Dawa ni kuandika katika faili ya system.ini, chini ya kichwa cha [vcache], mstari MaxFileCache=262144, au kwa urahisi zaidi, kuchomoa kipande kimoja. Kuna ukomo mwingine usiotibika kwa RAM ya aina yoyote. Mfumo huu ulirithi kutoka Windows za kale vihifadhi vidogo vya kilobaiti 64 ambamo huandikwa sehemu ya taarifa za madirisha, vitufe na picha zilizo kwenye skrini. Vikijaa, mashine inagoma hata kama ina RAM ya kutosha. Mtu aliyezoea kufungua programu kumi kwa mpigo atalazimika kubadili mazoea: afungue tatu, amalize, afunge, na aizime na kuiwasha upya mashine mara moja kwa siku.

Kabla kompyuta iliyokaa stoo haijawashwa hata mara moja, diski yake itolewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hamu ya kuona kama inawaka inawafanya wachomeke waya papo hapo, na diski iliyolala miaka kumi na tano inapewa umeme kutoka kwenye pawa saplai ambayo hakuna aliyeipima. Bodi ikiungua, nyingine inapatikana. Kadi ya picha vivyo hivyo. Maandishi ya diski yakipotea yamepotea, na mara nyingi diski hiyo imebeba kitu ambacho mwenyewe hajui kuwa ni adimu, kama vile draiva za kadi ambayo kiwanda chake kilishafungwa, au namba ya leseni ya programu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi na karatasi yake haionekani.

Diski za enzi hiyo ni za IDE, zenye safu mbili za pini na tundu la umeme la pini nne. Kiunganishi cha kuzifanya zisomeke kwa USB huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta na huja na umeme wake. Jampa iliyo nyuma ya diski iwekwe kwenye nafasi iliyoandikwa Master kabla ya kuunganisha. Usomaji ufanyike kwa Linux, si kwa Windows ya kisasa, kwa kuwa Windows huwa na tabia ya kuandika faili zake kwenye diski inayochomekwa, na diski ya kuokolewa haitakiwi kuandikwa neno. Programu ya kutegemea ni ddrescue. Ubora wake uko katika namna inavyoipitia diski: inachukua kwanza maeneo yote yanayosomeka vizuri, inayaruka mabovu, kisha inayarudia mwishoni, huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika ili umeme ukikatika iendelee badala ya kuanza upya. Kinachopatikana ni faili moja yenye ukubwa sawa na diski nzima. Diski nyingi za wakati ule hazikuzidi gigabaiti 20, kwa hiyo picha nzima inaingia kwenye flashi ya kawaida. Nakala ziwe mbili na zikae sehemu mbili tofauti.

Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga kwa mapigo yanayojirudia, izimwe mara moja. Vichwa vyake vinashindwa kujipanga, na kila jaribio linaongeza mikwaruzo juu ya sahani. Kuiwasha na kuizima kwa matumaini kwamba safari hii itakubali ndiko kunakoimaliza. Kama kilichomo kina thamani, apewe fundi mwenye vifaa vya kuokolea data, na kama hakina, isahauliwe.

Flopi zilizofuatana na mashine nazo zinakiliwe, na zilizotunzwa pwani, iwe Mombasa, Tanga au Unguja, zikaguliwe kwanza kwa macho. Kifuniko cha bati kinasogezwa pembeni, kitovu cha chuma kinazungushwa taratibu kwa kidole, na utando wa kahawia unatazamwa chini ya taa. Madoadoa meupe au mawingu yanayofuata duara ni ukungu uliooteshwa na unyevu. Flopi ya namna hiyo ikiingizwa ilivyo, kichwa cha kusomea kinaukwangua utando na kubeba uchafu, kisha flopi safi inayofuata inaharibiwa na kichwa hicho hicho. Ukungu unaweza kufutwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti safi aina ya isopropili, pole pole, na flopi iachwe ikauke kabla ya kusomwa mara moja tu ya kunakili.

Baada ya diski huja pawa saplai. Nyuma ya nyingi za wakati huo, karibu na tundu la waya, kuna swichi ndogo nyekundu inayoonyesha namba 115 au 230. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, wa Kenya na Tanzania ni kati ya 230 na 240. Kompyuta iliyokuja katika kontena la mitumba kutoka Marekani huenda swichi yake bado iko kwenye 115, na ikichomekwa hivyo kwenye soketi ya Nairobi au Dar es Salaam italipuka kwa kishindo na moshi kabla mtu hajagusa kitufe. Swichi isukumwe kwa ncha ya bisibisi mpaka namba 230 ionekane, na jambo hili lifanyike waya ukiwa mezani, si ukutani.

Kisha pawa saplai ijaribiwe ikiwa peke yake, bila bodi. Ile ya ATX huwashwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi yake kubwa, huku diski mbovu au feni ikiwa imechomekwa iwe mzigo. Multimeta ikigusishwa waya mwekundu isome karibu na volti 5, wa njano 12, na wa rangi ya chungwa 3.3. Tofauti isizidi asilimia tano, yaani waya mwekundu usishuke chini ya 4.75 wala kupanda juu ya 5.25. Inayoshindwa kipimo hicho ibadilishwe, na asiye fundi wa umeme asiifungue, kwa sababu kapasita zake kubwa huendelea kushikilia umeme baada ya waya kuchomolewa. Tahadhari hiyo inahusu maradufu skrini za kioo kinene, ambazo ndani yake kuna maelfu ya volti.

Anayenunua pawa saplai mpya asome kibandiko chake. Bodi za Pentium III na nyingi za Athlon za mwanzo zilivuta nguvu nyingi kutoka waya wa volti 5, wakati pawa saplai za leo zimeelekeza nguvu yao karibu yote kwenye volti 12. Yenye wati 500 inaweza kuwa dhaifu kuliko ya zamani ya wati 250 kwa kazi hii, na cha kulinganisha ni ampea zilizoandikwa chini ya +5V. Volti hasi 5 nayo iliondolewa kwenye pawa saplai za kisasa. Kompyuta nyingi hazitaiulizia, ila baadhi ya kadi za ISA haziwaki bila hiyo. Mashine za zamani zaidi, za mtindo wa AT, zina plagi mbili zinazokaa sambamba kwenye bodi, zinazojulikana kama P8 na P9. Zinaweza kuingizwa kinyume bila kuzuilika, na kosa hilo linaua bodi. Kanuni ya mafundi ni fupi: nyaya nyeusi zikutane katikati.

Kwenye bodi yenyewe macho yaende moja kwa moja kwenye betri na kapasita. Betri ya sarafu, CR2032, ikiisha haileti madhara zaidi ya kusahau tarehe na mipangilio, na inabadilishwa kwa sekunde chache. Hatari ni kwenye bodi za 386 na 486 zenye betri ya pipa dogo, mara nyingi la buluu au kijani, lililolehemiwa kwenye bodi. Betri hizo za nikeli na kadimiamu huvuja majimaji yanayokula njia za shaba, na dalili yake ni unga wa kijani na mweupe unaoenea kuelekea tundu la kibodi. Ikatwe leo, hata kama bado haijavuja. Palipochafuka pasuguliwe kwa mswaki uliochovywa kwenye siki nyeupe, ambayo inaua ukali wa majimaji hayo, kisha paoshwe kwa spiriti na kukaushwa vizuri. Njia iliyokatika inaweza kuungwa kwa waya mwembamba na mtu mwenye mkono mtulivu.

Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kuanzia mwaka 1999 hivi na kwa miaka kadhaa baadaye, viwanda vingi vilitumia kapasita zenye majimaji mabovu, na bodi nyingi zilikufa kwa sababu hiyo. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kilichotuna, au chenye ukoko wa kahawia juu yake, kinaeleza kwa nini mashine inajizima au inaganda ikipata joto. Ya kubadilisha iwe na mikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, iwe ya ukinzani mdogo na ya kustahimili nyuzi 105, na mstari wa alama ya kutoa uelekee pale ulipokuwa. Kazi hiyo ikifanyika, mafuta ya kupoozea prosesa nayo yafutwe na kupakwa mapya, maana ya awali yameshakauka na kuwa chokaa.

Diski ya asili, ikishanakiliwa, haifai kurudishwa kazini. Mahali pake pachukuliwe na kadi ya CompactFlash kwenye kiunganishi cha IDE. Kadi hizo zilibuniwa zikizungumza lugha ile ile ya IDE, kwa hiyo kiunganishi chake ni waya tu bila akili yoyote, na kompyuta inaamini imepewa diski. Haina mlio, haina joto, na ikichomolewa inasomeka kwenye kompyuta yoyote mpya yenye kisomea kadi. Ukubwa wake usipite gigabaiti 32. Bodi nyingi za kabla ya katikati ya 1999 hukwama zikikutana na diski inayozidi gigabaiti 33.8, nyingine za kabla yake hazioni zaidi ya 8.4, na Windows 98 yenyewe ina ukuta wake kwenye gigabaiti 137. Ukuta huo wa mwisho ni wa hatari kwa sababu hautoi onyo. Data inayoandikwa nje ya mpaka inarudi kuandikwa mwanzoni mwa diski na kufuta kilichokuwapo.

Kwa mashine ya kazi, kusakinisha upya ni kosa. Picha iliyotolewa na ddrescue iandikwe kwenye kadi kama ilivyo, na mashine iwake na programu zake zote zikiwa mahali pake. Kusakinisha upya kunawafaa wanaoanza na mashine tupu. Hao watahitaji CD halisi na namba yake ya herufi 25, kwani Windows 98 ingali na hakimiliki, na kuachwa na mwenyewe hakukuifanya kuwa mali ya umma. Anayehitaji DOS pekee ana njia halali isiyo na gharama, FreeDOS, ambayo imekuwa ikiendelezwa tangu 1994.

Usakinishaji huanza kwa flopi ya kuwashia au CD. Programu ya fdisk itauliza kama iruhusu diski kubwa, na jibu ni ndiyo, vinginevyo kila sehemu ya diski itaishia gigabaiti 2. Baada ya kuifomati diski, folda ya WIN98 iliyo kwenye CD inakiliwe kwenye diski C na usakinishaji uanzishwe kutoka hapo. Mpango huu unaokoa muda mwingi baadaye. Windows 98 huidai CD yake kila draiva inapoongezwa au mpangilio wa mtandao unapoguswa, na folda ikiwa ndani inajihudumia yenyewe.

Mfumo ukiwaka mara ya kwanza utaonyesha picha kubwa zilizokwaruzika, nukta 640 kwa 480 na rangi 16, kwa sababu haujaijua kadi ya picha. Draiva za chipseti ndizo zitangulie, kisha za picha, sauti na mtandao. Utaratibu huu ukivunjwa, kadi ya AGP inaweza kukataa kufanya kazi sawasawa hata ikipewa draiva sahihi. Flashi za USB hazitambuliki hadi draiva yake iwekwe. Kwa kuandika na kupiga hesabu, OpenOffice.org 2.4 ndiyo ya mwisho iliyokubali Windows 98, na wanaothamini Kiswahili wana sababu ya kuitafuta Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili lililotoka mwaka 2004 kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kazi iliyofanywa kwa bidii na inastahili kuonekana ikifanya kazi kwenye mashine za wakati wake. Kila kitu kikishatulia, kompyuta izimwe na kadi inakiliwe nzima. Tangu hapo, mfumo ukiharibika hakuna haja ya kuhangaika kuutibu, picha inarudishwa na kazi inaendelea.

Katika matumizi ya kila siku adui mkubwa ni kukatika kwa umeme. Mpangilio wa faili wa FAT32 hauna daftari la kuandika kinachotaka kufanyika kabla hakijafanyika, kama ilivyo kwenye mifumo ya baadaye. Umeme ukikatika faili ikiwa inaandikwa, orodha ya faili inabaki nusu. Windows 98 ikiwashwa tena itaendesha ScanDisk, ambayo mara nyingi hurekebisha, na mara nyingine huacha vipande vya faili vyenye majina yasiyoeleweka kwenye diski C. UPS ndogo, hata ya kudumu dakika tano tu, ni ununuzi wa lazima kabla ya kadi ya sauti au kipambo kingine. Mashine za AT zinataka subira ya namna yake wakati wa kuzima: hazijizimi, bali huonyesha maandishi ya rangi ya chungwa kwenye skrini nyeusi kwamba sasa ni salama kuzima, ndipo mtu abonyeze swichi. Na karakana isiache mashine ikiwaka miezi miwili mfululizo. Kihesabu cha milisekunde cha Windows 95 na 98 hujaa baada ya siku 49.7, na mfumo usiowekewa kiraka chake hukwama hapo.

Suala la usalama halina njia ya kati. Windows 98 haina ulinzi wa ndani hata kidogo. Kisanduku cha nywila kinachotokea wakati wa kuwaka kinaondoka kwa kubonyeza Esc, na programu yoyote inayoendeshwa ina uwezo wa kugusa faili yoyote. Internet Explorer 6, ya mwisho kwa mfumo huu, haijui usimbaji wa TLS 1.2 unaodaiwa na tovuti za leo, kwa hiyo hata anayejihatarisha kuingia mtandaoni hapati cha maana. Kompyuta ya namna hii isiunganishwe na ruta ya ofisi. Baadhi ya watu huitafutia njia ya pembeni kwa kuwasha SMB1 kwenye kompyuta mpya ili zishirikiane faili. SMB1 ni ule mfumo wa kushirikishana faili ambao udhaifu wake ulitumiwa na WannaCry Mei 2017 kusambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta duniani kote, na Microsoft iliacha kuusakinisha kwenye Windows 10 mpya kuanzia mwaka huo huo. Kuuwasha ni kuifungulia mlango kompyuta ya kisasa kwa ajili ya kuihudumia ya zamani. Faili zihamishwe kwa kadi ya CompactFlash, kwa CD, au kwa waya wa mtandao unaounganisha kompyuta mbili pekee kwa FTP, na waya huo uchomolewe kazi ikiisha.

Kukaa nje ya intaneti hakuondoi hatari yote, kwa sababu virusi vya wakati ule bado vimelala ndani ya CD na flopi za wakati ule. Mfano mbaya kuliko yote ni CIH, kilichoandikwa Taiwan mwaka 1998. Hujificha ndani ya programu za Windows 95 na 98, kikisubiri tarehe 26 Aprili. Siku hiyo hufuta mwanzo wa diski na, kwenye baadhi ya bodi, huandika takataka juu ya BIOS, na bodi haiwaki tena mpaka chipu yake ibadilishwe au iandikwe upya. Tarehe hiyo inarudi kila mwaka, na CIH hakijali kwamba dunia imekisahau. Kila CD ya programu, hasa zile nakala za mitaani zilizopita mikononi mwa watu wengi, ikaguliwe kwanza kwenye kompyuta mpya yenye kinga ya virusi. Kinga za leo zinakitambua bila shida.

Mashine ikishakuwa salama na nzima, wakati mwingine programu yenyewe inakataa, na sababu ni kasi. Programu nyingi za DOS zilizoandikwa kwa Turbo Pascal hupima kasi ya prosesa zinapoanza, na kwenye prosesa inayozidi megahezi 200 hivi hesabu hiyo inavunjika na kutoa ujumbe wa Runtime error 200. Tatizo haliko kwenye diski wala RAM. Vipo viraka vinavyorekebisha faili ya programu, na pale visipopatikana, kuzima kashe ya prosesa ndani ya BIOS hushusha kasi ya kutosha kuifanya programu ikubali kufunguka.

Ipo pia njia ya kuiacha mashine kabisa. 86Box ni programu huria inayoiga kompyuta za zamani mpaka kwenye chipu zake: mtu anachagua bodi, prosesa, kadi ya sauti, na Windows 98 inajikuta kwenye mashine inayoifahamu. Inahitaji kompyuta mpya yenye prosesa kali, hasa mtu akitaka kuiga Pentium II. Picha ya diski iliyookolewa na ddrescue inaweza kufunguliwa humo humo, na mfumo utaomba draiva kidogo kwa sababu vifaa vimebadilika, kisha utatulia. VirtualBox inajulikana zaidi ila haikutengenezewa msaada wa Windows 98, kwa hiyo picha zake zinasuasua. Kwa michezo ya DOS pekee, DOSBox inatosha. Kisichoigika ni chuma cha nje: kadi ya ISA inayoongoza mtambo, au kifaa cha leseni kinachochomekwa kwenye poti ya printa. Viunganishi vya USB vinavyoigiza poti hiyo hutosha kuchapisha na mara nyingi huishia hapo.

Kwa hiyo ofisi inayotegemea programu moja ya hesabu au maktaba ya faili za kale haina sababu ya kuendelea kulea kompyuta ya 1999. Ihamie kwenye 86Box na ibaki na picha zake mbili za diski. Karakana au maabara iliyofungwa na kadi ya ISA haina hiari hiyo, na jambo la kufanya ni kununua mashine ya pili ya aina ile ile, bodi kwa bodi, wakati bado zinauzwa kama chuma chakavu, kuipima kama ilivyoelezwa, kuiwekea kadi yake iliyonakiliwa, na kuihifadhi pakavu bila betri ndani yake.